Fishi ya Beni Inasema Mgonjwa Ulikuwa Wewe

Mama,

Nimeitwa Kampala, Alhamisi ijayo, kwa daktari anayepima watu wanaohamia ng'ambo. Kasereka ametimiza miaka mitatu Kanada, na karatasi za kunichukua mimi mkewe zimefika hatua hiyo. Kupimwa damu na mapafu hakunitishi. Kinachonitisha ni swali moja kwenye fomu: umewahi kutibiwa ugonjwa wa akili? Kuna kisanduku cha ndiyo na cha hapana. Nimekaa na hiyo fomu tangu Jumatatu, na siwezi kuijibu bila kukugusa wewe.

Unakumbuka tulivyofika Beni, kwenye kituo cha wagonjwa wa akili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sijalala siku sita, nazungumza na ukuta. Ulikataa nitibiwe hapa Butembo, watu wasijue. Kule kituoni muuguzi akauliza jina, ukasema Masika. Akauliza Masika nani, maana kwetu Wanande binti wa kwanza ni Masika, na mimi ni Masika kama wewe. Ukanitazama kidogo, kisha ukamjibu: "Andika Masika Véronique. Mugonjwa ni miye. Huyu mutoto ananilinda tu." Basi nikameza dawa wiki saba kwa jina lako. Na wewe uliyekuwa garde-malade wangu, wa kuniuguza, uliyelala kwenye mkeka kando ya kitanda changu, ukaandikwa mgonjwa.

Ingeishia huko Beni kama mama mmoja wa kanisani kwetu asingetukuta kwenye geti la kituo siku ya kurudi. Kabla hajauliza ukamwambia ni wewe uliyeugua. Nikanyamaza. Nilikuwa nimepona vya kutosha kusema, nikanyamaza.

Tangu hapo hukuruhusiwa hata kukasirika. Ukimkemea aliyekuletea samaki walioharibika kutoka Kyavinyonge, sokoni walinong'ona kwamba ugonjwa umerudi. Wanawake wa jumuiya waliacha kukupa zamu ya kupika. Ulicheka, ukasema afadhali macho yako yapumzike na moshi.

Na mimi sikuishia kunyamaza. Siku watu wa Kasereka walipokuja kutoka Kalunguta kunichumbia, shangazi yake alinidharau kwa wembamba wangu, ukamjibu kwa ukali. Nikawaambia kwa sauti ya chini: "Musimuangalie. Kichwa yake inamusumbuaka." Ulisikia, Mama. Najua ulisikia kwa sababu uliinama ukaanza kupanga sahani ambazo zilikuwa tayari zimepangwa.

Ulipokufa kwa tension, shinikizo la damu, mwaka jana, aliyesoma maisha yako kaburini alisema ulivumilia ugonjwa wa kichwa. Nikajifunika kitenge. Watu walidhani nalia. Nilikuwa najificha.

Kasereka naye anaamini hivyo hivyo. Nilipompigia kuhusu lile swali hakufikiri hata kidogo. "Andika hapana," akasema. "Mama yako njo aligonjwa, hapana weye." Nikaona njia imefunguka, nikafurahi. Naona haya kukuandikia hili, lakini nilifurahi.

Juzi nikaenda Beni. Nilipanga kuomba kituo kinipe barua kwamba mgonjwa alikuwa marehemu mama yangu, ili wasije wakaniuliza zaidi. Muuguzi ni yule yule, amezeeka. Akatoa fishi, ile kadi ya mgonjwa, akaisoma, akaniangalia. "Tulijua, mama," akaniambia. "Ni mugonjwa gani anafuliaka garde-malade wake nguo?"

Nilikaa kwenye benchi nikalia mbele ya watu. Hakunisuta. Alinieleza kwamba ugonjwa peke yake haufungi njia, watataka kujua ninaendeleaje na kama kuna dawa nameza hadi leo. Uongo ndio unaoweza kunifungia. Daktari wao akanipima upya, akaandika barua. Safari hii karatasi ina jina langu.

Jana nikamweleza Kasereka yote, hata yale niliyowaambia watu wake siku ile. Akasema atanipigia. Hajapiga. Labda anawaza watoto tutakaozaa. Simlaumu, maana mimi nimekukana miaka minane, sembuse yeye kunyamaza siku moja.

Nimeweka alama kwenye ndiyo. Jumapili baada ya misa nitasimama mbele ya wale wanawake wa jumuiya, niwaambie nani alikuwa mgonjwa. Naogopa, lakini nitasimama. Hilo nakuahidi.

Pumzika sasa, Mama. Wakinikatalia safari, na Kasereka asipopiga, nitabaki hapa Butembo nikiitwa Masika mwenye ugonjwa wa kichwa. Wewe utakuwa mama yake tu.