Gari la Duane Halikanyagi Chumvi

Mpendwa mshauri Bi Verna, naomba msaada wako na nakuomba unijibu upesi, kwa sababu ninapoandika hapa ufunguo wa pili wa gari ninao mfukoni, na hasira niliyo nayo si ya kulala nayo.

Mimi naitwa Marlys, tunakaa Warren, Michigan, mume wangu Duane kastaafu kiwandani alikokuwa akifunga milango ya magari, mimi nilikuwa mpishi wa shule ya msingi, na maisha yetu yalikuwa ya kawaida tu mpaka ikatangazwa kwamba yale magari ya silinda nane, ya milango miwili, yanayonguruma hadi vikombe vinatikisika kabatini, sasa yanafika mwisho na mbele ni umeme mtupu, ndipo Duane akaniketisha mezani akaniambia, "Marlys, haya hayatatengenezwa tena, tukipata moja la mwisho tukalitunza litakuwa dhahabu, ndilo litakalotulea uzeeni," nami kwa kumpenda nikasema haya, akachukua nusu ya akiba yetu ya kustaafu akalinunua, la zambarau, zuri kwa kweli, siwezi kusema uongo. Nikadhani nimekubali gari, kumbe nimejiletea mke mwenza.

Bi Verna, gari lile halijawahi kwenda popote. Lilishushwa kwenye lori, likaingia gereji yetu iliyoungana na nyumba, na humo ndimo lilimo mpaka leo, viti bado vina nailoni za kiwandani, karatasi ya bei bado imebandikwa kiooni, na juu yake kalivisha hema la plastiki linalopulizwa na feni mchana na usiku ili vumbi lisiliguse, tena kaliwekea na hita, wakati chumbani kwetu ananiambia nivae soksi. Kila Agosti, magari ya namna hiyo yanapopita Barabara ya Woodward kutwa nzima na watu wamepanga viti vyao vya kukunja kandokando, sisi tunakwenda kutazama kwa kigari changu kidogo cha rangi ya fedha, na watu wakimuuliza umeleta nini mwaka huu, anatoa simu anawaonyesha picha. Nikimwambia, "Duane, tulitoe basi hata mara moja, nami nipungie watu mkono," ananijibu, "Kila maili inakula bei, mama. Mvumilivu hula mbivu."

Sasa kwa kuwa gereji ina mwenyewe, kigari changu kinalala nje. Asubuhi moja ya Januari nilitoka kukwangua barafu kwenye kioo niende kanisani kusaidia jikoni, nikateleza pale pale mbele ya mlango wa gereji, mguu wa kushoto ukalia kama kuni kavu. Duane alinisikia akatoka, akanibeba hadi jikoni, akanilaza sakafuni akaniwekea mto, mpaka hapo sina la kumlaumu. Lakini hapo ndipo alipoanza kuzunguka. Gari lake la mizigo lilikuwa kwa fundi wa giaboksi, kigari changu betri ilikuwa imekufa kwa baridi, na ambulensi hakutaka kusikia, akasema bili yake itatufuata mpaka kaburini. Nikamwambia, "Duane, na la gereji?" Akaendelea kuzunguka. Nikamwuliza tena, mguu unaniuma hadi naona nyota, akasema, "Marlys, lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu limepita sasa hivi, barabara nzima ni nyeupe, na chumvi hula bati."

Nililala sakafuni, hatua chache tu kutoka kwenye gari linalowaka likiguswa, nikimsikia mume wangu akimpigia simu jirani yetu Najib mwenye duka la mikate. Najib aliacha wateja akaja na gari lake la mikate. Alipokuwa akinibeba alitazama mlango wa gereji, akamwuliza Duane kwa upole, "Kaka, hili lina tatizo gani?" Duane akasema, "Halikanyagi chumvi." Nilikwenda hospitali nimekaa katikati ya kreti za mikate, na njia nzima nilishika kreti badala ya mkono wa mume wangu, maana yeye alikaa mbele akimwonyesha Najib njia ambayo Najib mwenyewe anaijua.

Hilo ningelimeza, nimemeza mengi. Lakini Ijumaa iliyopita tulikwenda kula samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi, mimi na magongo yangu na plasta hadi gotini, na rafiki yake Stan akauliza, "Duane, lile zambarau bado liko kwenye nailoni?" Bi Verna, mume wangu alicheka akasema, "Hata siku Marlys alipovunjika mguu sikulitoa." Alisema akijisifu. Wakamgongea glasi. Stan akaniambia, "Shemeji, umepata mume mwenye msimamo." Nikatabasamu mbele za watu, kwa aibu, na tangu siku hiyo sijasema naye zaidi ya chakula tayari.

Mguu uliovunjika ni wa kushoto, na gari lile gia zake hujibadilisha zenyewe, halihitaji mguu wa kushoto. Nimepania kulitoa siku ya theluji ya majimaji, nilipeleke hadi Port Huron na kulirudisha, nilipitishe katika kila dimbwi la chumvi nitakaloliona, kisha nimwegeshee mbele ya ule ukumbi. Dada yangu Noreen wa Saginaw anasema niache gari niache na mume, chumba kipo. Mimi mwenyewe sijui. Niambie, ni kweli litapanda bei, nimvumilie? Au nigeuze ufunguo?

Mimi Marlys, niliyechoka.

*

Marlys mdogo wangu,

Pole ya mguu, na pole ya mume. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena.

Umeniuliza kuhusu bei na nitakujibu, maana nami nimefunga viti kiwandani miaka mingi na marehemu mume wangu alikufa na ugonjwa huo huo wa kuabudu magari. Yale magari ya zamani yanayouzwa kwa fedha za kutisha mnadani leo, hakuna aliyeyatunza. Vijana waliyanunua wakayakimbiza, wakayabamiza kwenye miti, chumvi ikamaliza mengi ya yaliyobaki, na machache yaliyopona ndiyo yanayogombaniwa. Hili la Duane ni kinyume chake. Hapo Warren penyewe, mtaa baada ya mtaa, kuna mzee aliyefunika lake na kuliwashia feni. Siku watakapotaka kuuza watatoka wote kwa pamoja, kila mmoja akidhani yuko peke yake, wauzaji kibao na mnunuzi hayupo. Wanamtegemea nani? Wajukuu? Wa kwangu ana miaka kumi na tisa na hata leseni hataki.

Sikatai, yapo yatakayopanda. Yale yaliyotoka machache sana, ya gia za mkono, yenye kitu ambacho mengine hayana, huenda yakamfurahisha mtu siku moja. Anayekuambia anajua ni lipi na lini, huyo anauza gari. Na gari lisilotembea halibaki jipya kwa sababu tu hujaligusa: petroli inachacha tangini, mipira inakauka, matairi yanabonyea upande mmoja, na panya wa Michigan wanapenda sana nyaya zilizo karibu na hita. Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini mwambie Duane kwamba mbivu ikikaa mno inaoza.

Hayo ya bei yameisha. Hata lingekuwa la dhahabu kweli, ningekujibu vilevile.

Mumeo anasema gari ni la kuwalea uzeeni. Ana miaka mingapi, huyu mstaafu? Anasubiri uzee upi? Uzee wenyewe ulikuwa sakafuni jikoni, umevunjika mguu, unaomba kupelekwa hospitali, na akiba ya uzee ilikuwa nyuma ya ukuta imewashiwa hita. Siku ile ile iliyokusudiwa ndiyo iliyofika, naye akaikataa kwa ajili ya chumvi inayotoka kwa maji na sabuni. Chini ya gari huoshwa, Marlys. Kwa dola chache, pale kona. Sijui kama niseme ni mchoyo au ni mjinga, na nimeamua kutochagua.

Na hao wa ukumbini waliogonga glasi, nawasalimia, maana najua wanasoma safu hii gazetini wakijifanya ni wake zao wanaoisoma. Stan, mwanamke yupo mbele yako na magongo unamuuliza mumewe habari za nailoni. Mama yako alikulea hivyo?

Sasa geuka nikuseme na wewe. Ule ufunguo utoe mfukoni. Si kwamba nalihurumia gari, wala Duane. Ila ukilizamisha kwenye chumvi leo, kesho hakuna atakayekumbuka sakafu ya jikoni. Utakuwa wewe mke mwenye hasira aliyeharibu gari, yeye atakuwa mume aliyeonewa, na Ijumaa wenzake watampa pole yeye. Usimpe zawadi hiyo. Tena unataka kuendesha gari la nguvu namna hiyo kwenye theluji, na mguu kwenye plasta, kwa matairi ya kiangazi yasiyoshika barafu? Utavunja na wa pili, na Najib ana mikate ya kuuza.

Kosa lako jingine ni lile tabasamu. Alikudhalilisha mbele za watu ukamchekea, naye akaenda nyumbani akijua hajafanya kitu. Miaka yote hii umekwangua barafu huku gari lisilo na safari limelala pa joto, ukaita uvumilivu. Mimi naita kumzoesha mtu vibaya.

Basi fanya hivi, na ufanye wiki hii. Mwambie Duane ashushe hema na azime feni, kigari chako kiingie gereji, na la zambarau likakae kwa Stan mwenye kupenda msimamo, au likodishiwe mahali kwa fedha ya bia za Duane. Hili si ombi na usiliseme kama ombi. Pili, ile akiba ilikuwa yenu wote wawili, kwa hiyo na gari ni la wote wawili. Nenda kwa mwanasheria ujue haki yako kabla hujaihitaji. Mvua za Aprili zikishaosha barabara, achague moja: ang'oe nailoni akupeleke kwa daktari na kanisani na Woodward kama mke, au aliuze, na nusu ya fedha iingie kwenye akaunti yenye jina lako. Kulifunika tena hakumo.

Tatu ndiyo kubwa. Alijisifu mbele za watu, basi aombe radhi mbele za watu. Ukumbi ule ule, Ijumaa, samaki wakiwa mezani, asimame aseme alichofanya na aseme kilikuwa kibaya. Najib mwalike, akae pembeni yako. Duane akisema ni aibu, mjibu kwamba hata wewe ulisikia aibu hiyo hiyo Ijumaa ile.

Akikataa, Noreen ana chumba. Nenda, na usimpigie simu ya kwanza.

Lakini kabla hujaanza kumhurumia, na najua utaanza, jiulize kitu kimoja. Duane akianguka kesho asubuhi kwenye barafu hiyo hiyo, utatoa gari lipi? Utatoa lolote lililo karibu, hata kama chumvi italila. Yeye analijua hilo, Marlys, ndiyo maana usiku analala.

Bi Verna