Koti la Bibi na Chupa ya Manukato

Jumamosi, 1 Machi

Mama kaja na sanduku. Ndani – koti la manyoya la bibi! Miaka thelathini limelala juu ya kabati la Mama na bado linang'aa. Nimezamisha uso humo. Ghafla nina miaka sita, niko chini ya meza, namsikia bibi akicheka na wageni.

Mama hajalivaa hata mara moja. Alijiahidi kulivaa siku atakayofikisha umri aliofia bibi: sabini. Ndiyo tarehe kumi na sita mwezi huu. Kaniambia nilikague kwanza, si ndiyo kazi yangu? Ndiyo. Miaka ishirini na mbili natunza mavazi ya zamani kwenye stoo ya ukumbi wa maigizo.

Jumatatu, 3 Machi

Kazini tumefumua bitana kidogo, mimi na mkuu wangu, yule tunayemwita Miwani. Manyoya hudanganya, ukweli uko kwenye ngozi iliyo chini yake. Ngozi nzima hukunjika kimya. Hii ilialika, ikipasuka – kama biskuti! Shingoni na mabegani ndiko kubaya zaidi. Miwani akanusa, akasema spiriti ya manukato hukausha ngozi, akauliza nani alikuwa akilipulizia. Nikaendelea kufumua bitana. Namjua.

Akasema lilazwe tu, lisivaliwe tena. Ukiinua mkono mmoja, mgongo wote utafunguka. Tumelitia kwenye friza siku kumi na mbili, mayai ya nondo yafe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimezunguka mbuyu wee, mwishowe nimemuuliza Mama. Akajibu kwa fahari. Kila mwaka, siku aliyofariki bibi, matone machache ya chupa ya bibi mwenyewe, shingoni na mabegani. Harufu yake isipotee. Chupa iliisha mwaka jana.

Kumbe ni mapenzi ndiyo yaliyolikausha! Nani atamwambia? Si mimi. Si leo.

Jumatano, 12 Machi

Nimesinzia mchana kwenye meza ya kazi. Nikaota makoti yote ya stoo yameshuka kwenye henga, yanatembea polepole, hayana watu ndani. La bibi lilikuwa mbele. Lilikuwa linatafuta mabega. Nimeamka na huzuni, lakini huzuni tamu.

Jumamosi, 15 Machi

Limetoka friza. Halifunguliwi mpaka kesho. Lipoteze baridi taratibu ndani ya mfuko, lisije likalowa kwa mvuke. Nimekaa nalo sebuleni, tunatazamana. Mficha maradhi kifo humuumbua – na kifo chenyewe ni kesho saa nne, Mama akifika.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwambia yote. Hata manukato. Alikaa, koti magotini, akilipapasa kufuata manyoya yanakolala, kama nilivyomfundisha. Kisha akasema, "Kumbe nimelimaliza mwenyewe." Nikamwambia hapana, Mama, bila harufu ile mimi nisingemkumbuka bibi kabisa.

Akacheka! Eti nimezoea kutunza nguo zisizo na watu. Yeye naye akikunjwa mifupa inaalika, mbona hakuna anayemtia kwenye friza?

Sasa amesimama mbele ya kioo, mgongo kwangu, mikono ameirudisha nyuma, chini kabisa, asiinue bega, anasubiri nimvishe. Anauliza kama nitaandika mpaka afikishe themanini. Koti liko mapajani mwangu, chini ya daftari hili. Nalinusa hata sasa. Glavu zangu za kazini, za kushikia nguo za zamani, nimezivua –