Wagonjwa Wote Kutoka Kijiji Kimoja

Jumamosi, 10 mwezi wa tano 2025

Mise à jour, kuweka toleo jipya la programu, imepita. Nilichagua leo kwa sababu kituo cha afya kiko kimya — mama mmoja wa kujifungua tu, na mlinzi na redio yake. Framework ya Java, ule msingi tuliojengea programu ya wagonjwa, ilikuwa imezeeka, walioitunga hawaitengenezi tena. Kuiacha hivyo ni kulala mlango wazi. Nimeweka toleo jipya, nimejaribu kila ukurasa. Hakuna kosa hata moja! Haijawahi kwenda hivi. Nimefunga ofisi, nimeenda kula ndagala kwa dada.

Jumatatu, 12 mwezi wa tano

Programu inatembea. Mapendo wa mapokezi anasema iko mbio kuliko zamani, na Mapendo hasifu ovyo. Dirisha la malipo lilikuwa tupu asubuhi yote. Nililiona. Lakini mimi ni muntu wa mashine, malipo si kazi yangu.

Jumatano, 14 mwezi wa tano

Mama Esther amekuja siku ya tatu mfululizo. Ana sukari, anachomwa sindano hapa kwa sababu kwake hakuna friji, chupa zinakaa kwa friji yetu. Zamani alikuwa anaruka siku — analipa leo, kesho haonekani, kesho kutwa anafika na macho yamevimba. Wiki hii macho yako wazi. Mapendo alimtania, amemuuliza kama ameolewa upya. Amecheka.

Sikuuliza pesa zimetoka wapi. Ningeuliza, huenda ningejua mapema.

Ijumaa, 16 mwezi wa tano

Aibu leo. Sina neno lingine.

Kila Ijumaa Gratien, gestionnaire wetu, msimamizi wa pesa na dawa, anasimama uwanjani na kusoma majina ya wakimbizi waliotibiwa bure wiki hiyo. Jina, halafu kijiji alichokimbia. Kwa sauti, mbele ya watu wote, na mjumbe wa wafadhili ameketi pembeni. Mwenye kudanganya, jirani atamtaja. Ndivyo tulivyokubaliana tangu pale nusu ya mtaa ilipogeuka wakimbizi kwa siku moja.

Akaanza vizuri. Fulani, Katogota. Fulani, Luvungi. Akafungua ukurasa wa pili. "Mama Esther, kutoka…" Akasogeza karatasi karibu na macho. "Kutoka ashi, te, te, pe, nukta mbili…" Akaendelea na tarakimu zote hadi mwisho, maskini, kama katekista aliyepewa somo la Kilatini. Wa pili, kijiji hicho hicho. Wa tatu, hicho hicho. Mzee Térence wa Katogota, naye ni mgonjwa wa sukari, akauliza kwa upole:

"Hiyo fasi iko upande wa Fizi ao wa Walungu?"

Uwanja mzima ulicheka. Mjumbe hakucheka, alikuwa anaandika. Mama Esther pia hakucheka.

Gratien anadhani nilifanya mchezo. Mimi! Nimemwambia anipe siku moja.

Jumamosi, 17 mwezi wa tano

Nimelipata kosa.

Miaka miwili iliyopita fishi ya mapokezi, fomu anayojaza Mapendo kwa kila mgonjwa, ilikuwa inauliza: unatoka wapi? Siku moja mama mmoja alijibu kwa sauti, akataja kijiji cha mlimani, ambako wengi hapa wanasema ni kwa adui, na watu wawili wakaondoka kwenye banki, benchi la kungojea, aliyokuwa ameketi. Kwa Mapendo ilitosha. Alikuja ofisini kwangu akaniambia nilitoe hilo swali siku ile ile. Nikalitoa. Tangu hapo anauliza tu, unalala wapi? Mkimbizi anayetaka matibabu ya bure anaingia kwa Gratien, anafunga mlango, anataja kijiji, Gratien anakiandika mwenyewe. Palipoandikwa kitu kwenye nafasi ya "origin", yaani alikotoka, programu haidai malipo. Palipo patupu, unalipa.

Swali nililitoa kwenye ukurasa. Nafasi yake ndani ya programu niliiacha, Gratien aliihitaji.

Sasa: kila fishi inayotumwa, mashine inaitia kama kwenye bahasha, na juu ya bahasha inaandika mambo yake yenyewe, tunayaita vichwa. Kimoja kati ya vichwa hivyo kinaitwa Origin, nacho ni anwani ya ukurasa fishi ilikotoka, ile http aliyoisoma Gratien. Framework ya zamani ilifungua barua, haikusoma bahasha. Hii mpya, ikikuta nafasi haina jibu, inatafuta jibu juu ya bahasha. Hakuna aliyeiomba! Imeandikwa kabisa kwenye maelezo ya toleo, nami niliyapitia mbio.

Kwa hiyo kila aliyepita kwa Mapendo wiki hii ni mkimbizi, na kijiji chake ni seva yetu. Dawa ni mistari minne: kuiambia isiguse vichwa.

Jumatatu, 19 mwezi wa tano

Gratien ameelewa, amecheka kidogo, kisha ameacha kucheka. Amenipeleka kwa friji. Insulini ya mwezi imebaki ya kuhesabu kwa vidole, na barabara ya Bukavu, inakotoka nyingine, unajua ilivyo. Wiki moja watu wote wa sukari wa hapa Uvira wamechoma bure, pamoja na wenye magari. Wakimbizi kama Térence, walioandikwa kwa njia ya haki, watakosa. Amesema nitengeneze haraka. Ana haki.

Nimetengeneza, nimejaribu kwa mashine yangu. Kwenye fishi ya Mapendo nafasi ya "origin" inabaki tupu, sawa na zamani. Kimebaki kubonyeza tu. Gratien anataka Jumatano asubuhi kabla ya sindano, na yeye awepo, ili amwandikie mjumbe kwamba aliona kwa macho yake.

Jumanne, 20 mwezi wa tano

Mama Esther amenikuta kwa tanki la maji. Mapendo alikuwa amemweleza. Hakulia, hakunisihi. Aliuliza tu kama ni kweli kesho ataanza kulipa tena. Nikasema kweli. Nikamwambia aingie kwa Gratien, kama kweli amekimbia ataandikwa, mambo yatakwisha. Nilisema kama mtu anayeonyesha choo kiko wapi.

Akatazama nyuma kwanza.

"Minye naitwa Nyirabahizi. Natoka Rurambo, kule mlimani. Weye sasa unajua. Gratien akisoma ile jina mbele ya bantu Ijumaa, nitaikala na nani kwa ile banki? Na kwa nyumba, nani atanipangisha?"

Mimi nimezaliwa Luvungi. Nikitaja kwetu hakuna anayegeuza kichwa, kwa hiyo sikuwahi kulifikiria hili kwa dakika hata moja. Nimesikia aibu, na hasira pia, sijui ya nani.

Nilienda kwa Gratien. Nikamwambia kuna mtu mmoja, nikamwomba amwandike bila kumsoma. Sikutaja jina. Hakunifokea. Alisema mwaka jana aliruka jina moja kwa huruma, na mpaka leo kuna watu wanamwita mwizi. "Nikiruka mmoja, ndugu yangu Clovis, kesho hakuna atakayeniamini kwa wale wengine wote. Na hao wengine nao ni watu."

Mapendo aliniuliza Gratien amesemaje. Nilipomweleza akasema, mwenye shibe… na akarudi kwa dirisha lake bila kumaliza.

Jumatano, 21 mwezi wa tano

Naandika kazini, sijawahi. Mikono inataka kitu cha kufanya.

Wamekuja. Térence ameketi mwanzo wa banki, Mama Esther kando yake kabisa. Mzee anamsimulia habari za mbuzi zake alizoziacha Katogota, na yeye anamrekebisha jinsi ya kutibu jicho la mbuzi. Anajua mifugo kupita kiasi kwa mwanamke wa mjini. Sijui kama mzee ametambua anatoka wapi. Anasikiliza tu, anaitika.

Mapendo amechungulia friji. Leo wote wawili wanapata, amesema. Kesho asiulizwe.

Gratien amepita mlangoni akauliza kama kazi imeisha. Nimemwambia bado kidogo, mashine inasumbua.

Imeisha tangu juzi.

Amesema hakuna shida, anamaliza chai yake, halafu anakuja tubonyeze pamoja. Namwona kwa dirisha. Kikombe kimefika nusu. Mapendo ameita Térence, mzee anajikokota na fimbo yake. Anayefuata ni Mama Esther, nami bado sijabonyeza.