Jicho Jipya Mezani

Jumanne, usiku.

Kumbe si utando. Miaka yote nilidhani mtoto wa jicho ni kitu cha kukwanguliwa juu ya jicho. Leo asubuhi, aliponifungua bandeji, daktari alinieleza kwamba ni lenzi ya ndani iliyoingia ukungu. Ameitoa, akaweka ya plastiki. Nimesahau kumuuliza ile ya zamani hutupwa wapi.

Tangu nirudi nyumbani nafumba jicho moja, nafumbua lingine. Kwa jicho jipya, obusuma, ugali wetu, kwenye sahani ni nyeupe kabisa. Kwa lile ambalo bado halijapasuliwa, ni kama chai ya maziwa.

"Mama Ayuma, kula kwanza," mume wangu akasema. "Utacheza baadaye."

Nikamtazama. Katikati ya mboni zake kuna weupe, macho yote mawili. Na ndiye aliyenishika mkono mwaka mzima kunivusha barabara, bodaboda zikitupita huku na huku.

"Na wewe, Baba Ayuma, unaona?"

"Mimi naonanga sawasawa."

Kisha akachukua Biblia, kama kila jioni. Akaifungua mwishoni kabisa, kwenye Ufunuo, akanisomea Zaburi ya ishirini na tatu bila kukosea neno.