Kitambaa Ndani ya Sampu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini kile kikohozi ulichoniandikia kimekuacha. Mimi ni mzima, na Baba hajambo, ila magoti yanamsumbua. Maneno yake machache unayajua: asubuhi mawili, jioni moja. Mimi niliyezoea kelele zako, nyumba imenipwaya.

Upweke ndio ulionirudisha kwenye trekta. Miaka mitatu limekaa bandani, Baba hataki liguswe. Mwezi huu akakubali. Nilifunga betri mpya, likawaka, lakini mshale wa geji ya presha ya oili ukalala kwenye sifuri, palepale ulipolala siku ile Baba alipokufukuza akisema umeliendesha bila oili. Nikapima kwa kijiti, oili tele. Nikabadilisha oili na filta, wapi! Fundi jirani akasema huenda geji inadanganya, tukafunga ya kwake. Injini ikiwa baridi mshale ulijikongoja, ilipopata moto ukaporomoka. Akasema basi ama beringi zimelika, ama kuna kitu kimeziba pale oili inaponyonywa. Tufungue sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Nilimwambia aende zake, nitafungua mwenyewe. Alinishangaa. Nikalala chini ya injini peke yangu, nikalegeza bolti mojamoja, bila haraka. Kwenye chujio la chini kilikuwa kimenasa kipande cha shati langu la shule, lile la miraba ya bluu.

Kaka, sikushtuka. Siku tulipolifanyia trekta sevisi, mimi ndiye niliyefuta sampu kwa kitambaa kile, nikakisahau ndani, tukafunga. Nilikikumbuka Baba alipokuwa anakufokea. Nilisimama mlangoni, Kasuku wako mzima, msemaji wa nyumba, nikanyamaza. Nilidhani kesho yake hasira zitapoa, nitasema. Kesho yake hukuwepo. Tangu hapo nimekuwa mwoga tu.

Jana nilimpelekea Baba kile kitambaa, nikamweleza yote. Alikishika muda mrefu, kisha akauliza kama beringi zimepona. Nikamwambia zimekwaruzika kidogo. Akasema nisiifunge sampu, mwenye kujua kuikaza ni wewe, nikuandikie. Akaingia chumbani, nikamsikia analia.

Nisamehe, kaka yangu. Usiponisamehe, rudi hata kwa ajili yake. Injini nimeifunika gunia. Bolti zote ziko kwenye kopo lako, nimeziosha.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku