Macho ya Asali Kwenye Fomu ya Kibali

Chumba cha Nyuma,
Studio ya Picha,
Mtaa wa Mafundi Cherehani.
Jumanne, tarehe 9 mwezi wa sita.

Mpendwa Dada,

Kwa unyenyekevu mkubwa, na bila matarumbeta kwa sababu jirani ana mtoto mchanga, natangaza kwamba leo saa nne asubuhi mdogo wako amepaka kijani uso wake wa mia mbili. Mwenye uso ni karani wa benki. Sherehe ilihudhuriwa na mimi, yeye na feni.

Sasa salamu. U mzima? Mgongo umekuachia, au bado unakung'ang'ania kama mgeni asiyejua kuaga? Sisi huku hatujambo. Mama anakula, anasali, anagombana na redio. Binti yako ni Sindano yuleyule, mwembamba na mchomaji. Na mimi sijambo, kwa kadiri ya mtu ambaye siku nne hizi usingizi unampita kando. Sababu ndiyo barua hii.

Jumapili ulipopiga simu ukauliza kibali cha mtoto cha kukufuata huko kimefikia wapi, nilijibu, "Kinakwenda vizuri, Dada," halafu nikajifanya mtandao umekatika. Mtandao ulikuwa mzima. Aliyekatika ni mimi. Nimeona heri nikuandikie, maana kwenye karatasi huwezi kunikata kauli.

Niruhusu nianze na kazi yenyewe, la sivyo hutalielewa kosa. Wapo watu wazima, wenye vyeo na watoto, ambao wakitoka kazini huingia kwenye michezo ya kompyuta wakawa majini, wachawi na malkia wa chini ya bahari. Kila mmoja anataka kipicha cha kuweka pembeni mwa jina lake: uso wake mwenyewe, lakini wa kijani, au wa bluu, macho yanawaka kama taa za breki. Huyo karani anataka kuwa zimwi la msituni. Mwalimu mmoja wa hisabati alitaka ngozi ya zambarau na macho mekundu. Nilimwambia macho mekundu anayo tayari. Alicheka, lakini hajarudi.

Sikufundishwa na mtu. Niliipapasa kazi mwenyewe kwenye kompyuta ya studio hadi ikanizoea. Anayeanza hupaka kijani tupu, uso ukatoka kama ndoo ya plastiki. Ngozi ina damu chini yake, Dada, na damu hiyo lazima uiache ionekane: kwenye kope, kwenye ncha za masikio, pembeni mwa pua. Ukisahau masikio umetengeneza binadamu aliyevaa barakoa. Kwa hiyo rangi ya ngozi siipaki juu ya picha yenyewe. Naiweka kwenye leya, ambayo ni kama karatasi angavu ya plastiki iliyolazwa juu ya picha. Ukiiondoa, mtu anarudi alivyozaliwa.

Macho ni habari nyingine. Macho meusi kama ya ukoo wetu hayashiki rangi. Ukilaza njano juu yake, weusi unaimeza. Inabidi kwanza uliinue jicho, yaani uutoe ule weusi kwenye picha yenyewe, ndipo rangi ikubali kukaa. Kwenye picha yenyewe, si kwenye leya. Hapo ndipo nilipojikwaa.

Wiki tatu zilizopita nilimpiga Sindano picha za fomu ya kibali. Uso mbele, masikio nje, hakuna kucheka, ukuta mweupe. Hakuna picha inayomfaa jini kama ya pasipoti, maana uso hauna habari yoyote, unaujaza utakavyo. Siku hiyohiyo Mzee Lenzi, mwenye studio, akadai sampuli ya kutundika dirishani.

Sindano alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. "Mjomba, si unitie mimi? Nikishaondoka wawe wananikumbuka."

Nikamtia. Ngozi nikaipa bluu ya wino, macho nikayapa asali. Akatoka malkia ambaye hata mimi ningemwamkia.

Kesho yake nikafungua faili lilelile, nikaondoa leya ya ngozi, mtoto akarudi rangi yake, nikachapa picha tano. Macho sikuyaona. Nilikuwa nimeyatazama kutwa nzima yakiwa ya asali, hata kwangu yakawa ndiyo macho yake. Picha nne nikazitia kwenye kibahasha cha studio, nikakifunga kwa gundi, nikakibana kwenye fomu, na fomu ikaenda ofisi ya vibali. Na kwenye fomu hiyo, kwa mwandiko wangu huuhuu, nimejaza: rangi ya macho, nyeusi.

Picha ya tano nilimpa Mama. Ijumaa, Mama huyuhuyu anayeomba atungiwe uzi, akaisogeza mwangani, akaipeleka mbali, akairudisha karibu.

"Huyu mtoto ana homa ya manjano?"

"Hana, Mama."

"Basi macho haya ni ya nani?"

Niliinyakua picha. Binti yako alikuwa ananitazama kwa macho ya paka.

Pale ofisi ya vibali wana tangazo ukutani, kubwa kama mlango: picha iliyorekebishwa kwa namna yoyote itahesabiwa kuwa udanganyifu, ombi litakataliwa, na mwombaji hataomba tena kabla ya miezi kumi na miwili. Na hesabu nyingine unaijua kuliko mimi. Karatasi zako zinamruhusu mtoto kukufuata akiwa chini ya miaka kumi na minane. Anaitimiza tarehe ishirini na saba, mwezi huuhuu. Baada ya hapo ni mtu mzima kama mtu mzima mwingine yeyote, atajipanga foleni na wageni, na wewe mwenyewe ulishanieleza foleni hiyo inavyokwenda. Miaka sita amekusubiri. Ulimwacha anakufika kifuani. Sasa mkikutana itabidi uinue kichwa kumtazama.

Mkikutana. Unaona ninavyoandika, kama vile nimesharuhusiwa.

Jana, Jumatatu, tulikwenda na picha sahihi. Mlinzi wa mlangoni akasoma karatasi yetu ya wito kana kwamba imeandikwa kinyume.

"Usaili wenu Jumatano."

"Tunataka kubadilisha picha tu, kaka."

"Za mwanzo zina nini?"

Nikafungua mdomo. Ningesema nini? Kwamba nilimfanya mtoto malkia nikasahau kumvua macho? Sindano akaniwahi.

"Tangu nipige zile nimenenepa."

Mlinzi akamshusha na kumpandisha, kuanzia viatu hadi kichwani, akacheka mpaka funguo zikalia kiunoni. "Umenenepa wapi, mdogo wangu? Nyumbani? Rudini Jumatano."

Nikamweleza Mzee Lenzi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatoa hekima yake. "Fundi, ikiwa picha haiwezi kufanana na mtoto, mtoto afanane na picha. Duka la miwani wanauza vile vioo vya rangi vya kuvaa ndani ya jicho."

Aibu yangu, Dada, niliona kuna akili hapo. Nilikwenda hadi kwenye kabati la vioo la lile duka, nikauliza kama wana rangi ya asali. Wanayo. Nikarudi nikamwambia mtoto.

"Na nikipiga chafya yakadondoka mezani kwa afisa?"

"Hutapiga."

"Mjomba, hebu fikiria. Afisa anaokota macho yangu."

Tulicheka. Tulicheka sana, kupita kiasi cha mzaha wenyewe, mpaka Mama akaja kuchungulia kuna nini. Kisha Sindano akafuta machozi ya kicheko.

"Nitaingia na haya niliyo nayo. Wakiuliza, nitasema ukweli kwamba ni wewe."

"Sema."

"Na kwamba niliomba mwenyewe."

"Hilo usiseme."

"Nitasema."

Hapo ndipo ananishinda. Mtu akikulaumu unaweza kujitetea, lakini akikaa karibu yako upande wa lawama, utamwambia nini?

Begi lake lilikuwa limefungwa tangu mwezi uliopita. Nadhani ulishaambiwa. Tangu Ijumaa ameanza kulifungua, anatoa kitu kimoja kimoja na kukirudisha kabatini. Kwanza viatu. Halafu taulo. Leo amevaa sweta aliyokuwa ameitunza ili siku ya kwanza umkute nayo. Anaosha vyombo, anaimba, sweta imelowa mikono. Mama anaona, mimi naona, na kila mmoja anajifanya anatafuta kitu kingine.

Sampuli nimeishusha dirishani. Mzee Lenzi ananung'unika kwamba wateja wawili wameiulizia. Wanataka macho kama yale yale.

Usaili ni kesho saa tatu. Mimi sitaingia, wanaingia waombaji peke yao. Likitokea la kutokea, naomba jambo moja: mtoto usimguse hata kwa neno. Mimi hunikosi, nipo hapa nyuma ya pazia jeusi, anwani ndiyo hiyo juu. Ukitaka kunitukana, anza na upande wa baba. Ule wa mama uuruke, kwa sababu barua zako ni yeye anayetaka asomewe kwanza.

Nisalimie mwenzako wa chumbani, yule mcheka ovyo. Binamu Mrefu akipita hapo kwako, mwambie Mama bado anauliza kama ameoa au anaendelea kurefuka tu. Shangazi Mkali na Baba Mkubwa wanakusalimu sana. Hawajui lolote, na ukinipenda wabaki hivyo. Mama anakusalimu. Sindano anakusalimu, anasema usipike kitu maalumu, na akisema hivyo anatazama pembeni.

Mungu auchunge mgongo wako, akulainishie njia ya kwenda kazini na ya kurudi, na kesho awape maafisa kifungua kinywa cha kushiba.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata siku utakayokuwa hunitaki,
Fundi wa Nyuso.

Jumatano, saa saba mchana.

Bahasha sikuifunga, kwa hiyo naongeza hapahapa.

Nimekaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili na nusu. Alitoka mzee mmoja anakunja karatasi zake mikunjo midogo midogo, bila kutazama mtu. Akatoka mama mmoja anapepesuka kwa furaha, akanikumbatia kwa makosa. Saa nne ikapita. Saa tano, mlinzi akaniletea maji nilipokuwa sijaomba, nikajua uso wangu unaonekanaje. Saa tano na dakika ishirini Sindano akatoka.

"Wamesemaje kuhusu macho?"

"Macho gani?"

"Sindano, nitakuzaba!"

"Wameniuliza mama anakaa wapi, anafanya kazi gani, na mara ya mwisho tuliongea lini. Nikasema Jumapili, mpaka Mjomba akakata mtandao. Wakagonga muhuri. Kibali nichukue Ijumaa."

"Na picha?"

Akaingiza mkono mfukoni, akanikabidhi kibahasha cha studio. Gundi yangu haijaguswa.

Kumbe tangu mwezi wa pili ofisi haitumii tena picha za karatasi. Kila mwombaji anapigwa upya palepale dirishani, kwa kamera yao. Fomu tu ndizo hazijachapwa upya.