Bi Mwanakheri wa Mkunazini na Maua Yasiyonuka

Mama, leo mwaka umetimia tangu ututoke, Alkhamisi ile baada ya sala ya alfajiri, hapo hapo nyumbani kwako Mkunazini. Kulia tumelia sana. Leo tunataka kushukuru.

Watu wa mjini wanakukumbuka kwa kusomesha. Miaka thelathini na moja ulisimama mbele ya watoto wa skuli, na ulipostaafu ukaendelea kutusomesha sisi, tukitaka tusitake. Mtu akikuamkia kwa kuvuta maneno ulikuwa humwitikii mpaka aanze upya.

Majirani wanakukumbuka kwa pansi, vile viua vidogo vya nchi za baridi ambavyo mdogo wako Khairat alikuwa akikuletea mbegu zake kutoka Kanada. Miaka mitatu mfululizo zilikufa zote. Shoga yako Bi Kurwa alikuwa hakuachi: "Ua halinuki, Mwanakheri, la kazi gani? Kwenye kikuba cha asumini halitiwi, kitandani halitandazwi." Nawe ukimjibu, "Wacha lisinuke. Lina uso, linanitazama." Kisha unarudi kuchekecha udongo wako.

Halafu akafariki Suhail, kitinda mimba wako, kwa homa ya siku nne. Alimwacha Nasima, binti wa Makunduchi, wa miaka ishirini na tatu, aliyekaa naye miezi kumi na moja tu na hakuzaa naye. Nasima akakaa eda kwako. Hakuwa na wanja wala manukato, na mbaya zaidi hakuwa akila. Sahani ilikwenda imejaa ikarudi imejaa. Hata asumini yako pale uani hakuweza kuichuma, kwa kuwa harufu nzuri ilikuwa haimpasi. Wewe mwenyewe ulikuwa umefiwa na mwanao, mama, lakini ulikuwa ukimtazama yeye.

Siku ya kumi na mbili ukafungua friji ukatoa paketi ya pansi. "Njoo unisaidie, mwanangu. Haya hayanuki, hayaharibu eda."

Ukamwachia mbegu, ukaenda Darajani kununua samaki. Nasima, mtoto wa wakulima, akazipanda kama anavyojua kupanda mchicha: akazimwaga juani, akazimiminia ndoo nzima. Uliporudi zilikuwa zinaelea kwenye mchirizi. Ukazitazama, ukamtazama.

"Mwanangu, hizi umezipanda au umezitawadhisha?"

Nasima akacheka. Nawe ukacheka mpaka ukakaa chini, kisha mkalia pamoja, mmekumbatiana na tope lenu. Wanawake waliokuwa sebuleni wanasoma hitima wakakatiza kisomo, na mmoja akaja kuchungulia. Ukamwambia, "Rudi ukasome, bibi. Leo huyu atakula." Na kweli alikula, vipande viwili vya muhogo kwa mchuzi wa samaki wa chukuchuku.

Mara ya pili ulimfundisha moja moja. Udongo uliochekechwa na samadi iliyooza, kwenye trei ya mayai. Mbegu zifunikwe kidogo tu, maji yanyunyizwe kwa vidole. Juu yake gunia bichi la maji, na trei iwekwe chini ya ngazi penye giza na ubaridi, kwani hizi hazipendi mwanga mpaka ziote. Kila asubuhi Nasima aliamka kwenda kufunua gunia. Miche ilipotoka akaihamishia kwenye makopo ya maziwa, upande wa uani usiopigwa na jua. Kipupwe nacho mwaka ule kilikuwa kikali, kikasaidia.

Tuseme kweli, yalichanua manne tu, tena madogo. Lakini yalikuwa na nyuso, zambarau na manjano, zenye weusi katikati. "Tazama," ukamwambia, "yamekutangulia kutia wanja." Zilikuwa zimebaki siku tisa eda iishe.

Ilipokwisha, kaka zake wakaja na gari kumchukua. Hana mume wala mtoto hapa, kila mtu alijua atakwenda, na yeye mwenyewe alikwisha funga mzigo. Ukamuuliza mbele yao, "Wataka kwenda au wataka kukaa? Usinitazame miye. Jibu." Akasema anataka kukaa. Ukamwambia afungue mzigo, na kaka zake ukawapa chakula.

Akakaa miaka mitatu, ukamsomesha ualimu. Kisha Hamad, fundi wa umeme, akamtaka, na Nasima akamkatalia kwa kukuonea haya wewe, mama yake Suhail. Habari zilikufika, kama zilivyokuwa zikikufika zote. Ukavaa buibui lako, ukenda Makunduchi kwa babake. "Mwanangu mmoja nshamzika," ulimwambia. "Huyu yu hai, simziki." Mwezi uliofuata wakaoana, na biriani ukapika wewe.

Mama, sisi tulikuwapo tukayaona haya, na hatujui kama tungeyaweza. Tunakushukuru kwa kutuonyesha kuwa yanawezekana.

Ulipougua, Nasima alikuwa akija kila siku kutoka kwake Mwanakwerekwe. Ndiye aliyekulisha, na ndiye aliyeongoza kukuosha siku ya mwisho.

Wiki iliyopita tulikaa kuandika tangazo hili. Tukamuuliza Nasima tumwandike kuwa nani wako. Akainamisha kichwa. "Andikeni mkwe wa zamani. Au msiniandike kabisa, watu watasema mnajaza majina." Kisha akaondoka kwenda kuwachukua wanawe chuo cha Kurani. Hatukubishana naye. Atalisoma gazetini kama wasomaji wengine.

Anakukumbuka mdogo wako Khairat, na shoga yako Bi Kurwa, ambaye siku hizi ana makopo sita ya pansi na hataki kuulizwa. Anakukumbuka mkweo Hamad, na wajukuu zako Mjaka na Mayasa. Allah akusamehe, akurehemu, akupe kauli thabiti.

Hatutakusahau maisha yetu yote, mama. Suhail uko naye huko. Huku umetuacha wanao watatu: Ismail, Nassra na Nasima.